Mdogo Wangu, Kocha Hachaguliwi kwa Macho

Haya mdogo wangu wa kijijini Wampembe, sogea tuongee. Nawajua ninyi. Kocha akitimuliwa Dar es Salaam leo, jioni huko mwaloni mmeshamteua mwingine, na wawili wenu hawasalimiani. Siwacheki. Mapenzi ya timu yanampofusha mtu, na wengi tumo humo.

Ila sikiliza. Kocha mchunguze kama unavyomchunguza mchumba. Usiishie kwenye suti na maneno matamu. Uliza alikotoka waliachana vipi, na hasira zikimpanda anakuwaje. Yanga yaliwakuta mwaka 2020. Luc Eymael mpira alikuwa anaujua, lakini Julai mwaka ule akawatolea mashabiki maneno ya kibaguzi, wakamfungashia virago. Ujuzi usio na adabu utakuliza, mdogo wangu. Na anayewadharau mashabiki, wachezaji atawaheshimu vipi?

Halafu kuna ugonjwa wenu mwingine: pupa. Baada ya Eymael alikuja Zlatko Krmpotić. Mechi 5 za ligi, akashinda 4 na kutoka sare 1, na bado akaondolewa Oktoba, eti timu haivutii. Akaja Cedric Kaze, naye Machi 2021 akafukuzwa. Aprili akaingia Nasreddine Nabi. Huyu alipewa nafasi, na msimu wa 2021/22 Yanga wakatwaa ubingwa bila kupoteza mchezo. Mwaka 2023 wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Tena Kaze yuleyule aliyefukuzwa alirudishwa kuwa msaidizi wake! Basi jiulize, tatizo kila mara lilikuwa kocha, au ni sisi tusiojua kungoja?

Wala kombe lisikulevye. Agosti 2, 2020 hapo hapo Sumbawanga, Uwanja wa Nelson Mandela, Simba waliifunga Namungo 2-1 na kubeba Kombe la Shirikisho la Azam. Sven Vandenbroeck alikuwa anaimbwa. Januari 2021 akaiingiza Simba hatua ya makundi Ligi ya Mabingwa, na kesho yake akaaga. Kocha ni mpita njia. Kwa hiyo unapopima majina, uliza na hili: akiondoka ghafla, nani atabaki na timu?

Hapo ndipo mnapowasahau makocha wa nyumbani. Septemba 2022 Simba walipobaki bila kocha mkuu, walimwita Juma Mgunda kutoka Coastal Union, akawavusha hadi makundi ya Ligi ya Mabingwa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Sisemi mgeni hafai, Nabi mwenyewe alikuwa mgeni. Nasema pasipoti si cheti cha ukocha.

Na mkija kutafuta wa kuinoa timu yenu ya kijijini, msikurupuke vilevile. Vijana wenu usiku wa giza wako ziwani na taa zao, wanavua dagaa. Kocha atakayepanga mazoezi alfajiri atawapata wanasinzia, kisha atawaita wavivu. Mwiteni anayeomba kazi, mkae naye, mmsikilize anaulizia nini kwanza. Akianza na mshahara na jezi, mwacheni aende. Akiuliza nani anavua usiku, nani goti linamsumbua, na mbalamwezi ikitoka mazoezi yawe saa ngapi, huyo mpeni filimbi.

Mkishampa, mwacheni afanye kazi. Najua mkifungwa mechi mbili damu itawachemka. Hilo halina aibu. Nendeni mkanywe maji, mkalale, msiitishe kikao usiku ule. Ila akimtukana mtoto wa mwenzenu au akila hela ya nauli ya timu, msingoje matokeo: mwiteni, mwambieni, na akirudia, aondoke hata kama anaongoza ligi.

Dada yako nakupenda. Ndiyo maana nakusema.