Jinsi Mtu Anavyomeza, na Hatari ya Kumlisha Mgonjwa wa Kiharusi

Mtu wa Gatongora, upande wa Ruiru, akishikwa na kiharusi, jamaa na majirani hukusanyika upesi. Mmoja huleta maji, mwingine huleta uji, kwa kuwa kila mmoja ataka mgonjwa apate nguvu. Wema huo wastahili sifa. Lakini ikiwa mgonjwa amepoteza uwezo wa kumeza, kikombe hicho cha uji chaweza kumwua. Kwa hiyo yafaa kila nyumba ijue jinsi mtu anavyomeza.

Nyuma ya kinywa zipo njia mbili. Ya mbele ni njia ya pumzi, iendayo mapafuni. Ya nyuma ni umio, upelekao chakula tumboni. Kila tonge la ugali na kila funda la chai halina budi kupita karibu na mlango wa pumzi kabla ya kuingia katika umio.

Kazi ya kumeza ina sehemu tatu. Kwanza, meno husaga chakula, na ulimi hukikusanya na kukisukuma nyuma. Hayo mtu huyafanya kwa hiari yake. Pili, tonge likifika kooni, hiari imekwisha. Kaakaa laini huinuka na kuziba njia ya puani, zoloto hupanda, nyuzi za sauti hufunga mlango wa pumzi, na kidakatonge huinama juu yake kama kifuniko. Yote hayo hutimia kwa muda wa sekunde 1 hivi, na wakati huo mtu havuti pumzi. Tatu, umio, ambao kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi, hujikaza na kulegea mpaka tonge lifike tumboni. Msomaji aweke vidole juu ya kongomeo lake, kisha ameze mate. Atahisi likipanda na kushuka.

Misuli zaidi ya 30 hushiriki katika kazi hii. Hupata amri kutoka katika ubongo, hasa shina lake, kwa njia ya mishipa ya fahamu. Katika kiharusi, mshipa wa damu wa ubongoni huziba au hupasuka, na amri hizo huweza kuharibika. Karibu nusu ya wagonjwa wa kiharusi hupata shida ya kumeza katika siku za mwanzo.

Mwenye afya akipaliwa hukohoa, na kikohozi hicho ndicho ulinzi wake. Lakini wako wagonjwa ambao koo zao hazina hisia. Maji au chakula huingia mapafuni kimya kimya, wala hawakohoi. Baada ya siku chache huanza homa na kuhema, nayo ni nimonia. Basi kutokukohoa si hakika ya kwamba mgonjwa amemeza vema.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa apelekwe upesi hospitali, kama ile ya Ruiru au ya Thika, wala asipewe kitu chochote kinywani, hata dawa, kabla ya kupimwa. Mpimaji hutazama kwanza kama mgonjwa yu macho na aweza kuketi wima. Huchungua midomo, ulimi, sauti na kikohozi chake. Ndipo humpa maji kidogo kwa kijiko, akiangalia kama atakohoa, au kama sauti itakuwa ya majimaji. Penye shaka, hospitali zenye vyombo huweza kupiga picha za eksirei mgonjwa akiwa anameza. Asiyeweza kumeza hulishwa kwa mpira mwembamba upitao puani mpaka tumboni, na wengi hurudiwa na uwezo wao baada ya majuma kadhaa.

Mgonjwa akiruhusiwa kula, aketi wima, apewe kidogo kidogo, wala asiharakishwe. Kinywa chake kisafishwe kila siku, maana uchafu wa kinywani ukishuka mapafuni huleta maradhi. Akikohoa, akibadilika sauti, au akibakiza chakula shavuni, jamaa waache kumlisha na kumwarifu mwuguzi.

Kumnyima mgonjwa uji kwa saa chache si ukatili. Ni kumlinda mpaka ijulikane kwamba mlango wa pumzi yake wafungika.