Umeme unaporudi ndipo kompyuta huungua

Juni 7, 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru nchini Kenya, na nchi nzima ikaingia gizani. Mfanyabiashara anayekatikiwa umeme akiingiza mauzo hupoteza kazi ambayo hajaihifadhi. Diski ikiwa inaandika wakati huo, hata faili zima la leja huweza kuharibika.

Pigo la pili huja umeme unaporudi. Friji na pampu za mtaa mzima huwaka kwa pamoja, volti huyumba, na kompyuta iliyoachwa imewashwa huweza kuungua. Plagi ichomolewe mara taa zinapozimika, isirudishwe mpaka umeme utulie kwa dakika kadhaa.

Stabilaiza hurekebisha volti tu, haina betri. Kinachompa mtu muda wa kuhifadhi na kuzima ni UPS, na hapo ndipo wanunuzi wengi hujidanganya. VA 650 iliyoandikwa kwenye boksi si wati 650. Mashine nyingi za kiasi hicho hubeba wati zisizofika 400. Hizo zatosha kompyuta moja na skrini yake kwa dakika chache, si kuendelea kuuza. Printa ya leza isichomekwe humo kabisa, kwani inapopasha moto hula mamia ya wati.

Betri yake huchoka baada ya miaka 3 hadi 5, na mapema zaidi kwenye joto kama la Mombasa au Dar es Salaam. Nakala ya leja iwekwe kwenye fleshi kila jioni, kisha fleshi ichomolewe.