Nidhamu ya darasani huanzia nyumbani, usiku



Kila inapofika Januari sisi wazazi wa mijini tunakuwa na pilika nyingi. Tunatafuta sare, viatu, begi na madaftari. Tunamsumbua fundi cherehani ili kaptula na sketi ziwahi. Mtoto akishavuka geti la shule siku ya kwanza, tunashusha pumzi na kusema: Alhamdulillah, kazi yangu imekwisha, iliyobaki ni ya mwalimu. Katika makala hii tutaona kwamba hapo ndipo tunapokosea.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe. Miaka michache iliyopita niliitwa shuleni kwa ajili ya mwanangu aliyekuwa darasa la pili. Nilikwenda nimekunja uso, kwa sababu mtoto alikuwa ameniambia kwamba mwalimu hampendi, kila siku anamsimamisha wakati wenzake wamekaa. Mwalimu hakubishana nami. Alifungua rejesta akanionesha siku alizochelewa. Akafungua daftari la mtoto akanionesha kazi zilizoishia katikati. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Baba, mtoto huyu huwa analala saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nyumbani kwangu televisheni ilizimwa pale wakubwa walipokwenda kulala. Mtoto alisinzia kwenye kochi mpaka abebwe. Kumbe mwalimu alikuwa akimsimamisha ili usingizi usimchukue kabisa. Nilitoka ofisini mle nimeinamisha kichwa.

Kwa nini utaratibu?

Wapo wanaodhani kwamba kupanga mstari, kunyoosha mkono kabla ya kusema na kutoa daftari kwa wakati ni mambo madogo yanayowafurahisha walimu tu. Hebu tufanye hesabu. Kiwango kilichowekwa na serikali yetu ni wanafunzi 45 kwa darasa moja la shule ya msingi. Sote tunajua kwamba katika shule nyingi za Dar es Salaam darasa moja lina watoto zaidi ya idadi hiyo, na baadhi ya shule zinalazimika kuwaingiza kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Chukua darasa la watoto 90 na kipindi cha dakika 30. Mwalimu akitaka kumtazama kila mtoto, anapata sekunde 20 tu kwa kila mmoja. Sasa dakika 10 zikipotea kwa kutafuta penseli, kugombea dawati na kunyamazishana, sekunde hizo 20 zinabaki 13.

Anayeumia zaidi hapo ni mtoto mzito wa kuelewa. Mwepesi ataokota hata katikati ya kelele. Mzito anahitaji zile sekunde chache, na fujo ndiyo inayomnyang'anya. Kwa hiyo utaratibu wa darasani ni haki ya mtoto mnyonge kabla ya kuwa raha ya mwalimu.

Na uzito wa jambo hili ni mkubwa zaidi katika madarasa ya mwanzo. Tangu mwaka 2015 masomo ya darasa la kwanza na la pili yamejengwa juu ya KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mtoto asiyeshika kusoma hapo, kila somo linalofuata linakuwa mlima kwake, kwani Sayansi inasomwa na Historia inasomwa.

Mwalimu anataraji nini?

Ukimuuliza mwalimu wa darasa, orodha yake si ndefu. Kwanza, mtoto afike kabla ya kengele. Pili, awe na daftari na penseli iliyochongwa. Tatu, asikilize mwenzake anaposema, na akitaka kusema anyooshe mkono. Nne, amalize kazi aliyopewa kabla ya kuanza nyingine. Tano, aheshimu mwili na mali ya mwenzake: asipige, asichukue kisicho chake.

Tazama kuchelewa peke yake. Kalenda ya shule zetu ina siku 194 za masomo kwa mwaka. Mtoto anayechelewa dakika 20 kila siku, mwisho wa mwaka amepoteza zaidi ya saa 64. Hivyo ni vipindi zaidi ya 120 vya darasa lake, na vyote ni vya asubuhi, wakati akili imetulia. Ni kweli kwamba kwa wanaotegemea daladala tatizo si la nyumbani pekee. Makonda wengi huwazuia wanafunzi mlangoni kwa sababu ya nauli yao ndogo. Lakini mzazi anayelijua hilo anamtoa mtoto mapema zaidi, au anapatana na majirani watoto waende kwa kundi na mkubwa mmoja.

Utaratibu hufundishwa

Hapa nawageukia wazazi na walimu kwa pamoja. Watu wazima tuna tabia ya kutangaza amri mara moja, kisha tukaadhibu. "Nilishakwambia!" Lakini hebu tujiulize, tuliwafundishaje watoto wetu kutawadha? Hakuna aliyekaa kitini akahutubia. Tulisimama nao bombani, tukatawadha wakiangalia, tukawaacha wafanye, tukawarekebisha kiwiko kilichobaki kikavu, na kesho yake tukarudia. Kupanga mstari, kukusanya madaftari na kuomba ruhusa ya kwenda chooni hufundishwa vivyo hivyo: onesha, wafanye, rekebisha, sifu, rudia.

Na tukumbuke mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) kuhusu swala ya mtoto. Mtoto huamrishwa swala akiwa na miaka saba, na suala la kuadhibiwa halitajwi mpaka afike kumi. Katikati kuna miaka mitatu. Kwa swala tano kila siku, mzazi anapata nafasi zaidi ya 5,000 za kukumbusha kwa upole. Ikiwa nguzo ya dini imewekewa subira kiasi hicho, vipi mtoto wa miaka saba achapwe wiki ya kwanza kwa kusahau kunyoosha mkono?

Hata sheria ya nchi haikuliacha jambo hili wazi. Kwa kanuni za mwaka 2002, adhabu ya viboko ni ya mwalimu mkuu au yule aliyemruhusu kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na lazima iandikwe kwenye kitabu maalumu. Mwalimu anayeingia darasani na fimbo mkononi na kumcharaza kila anayekosea hesabu, yuko nje ya kanuni hizo.

Usiku wa mwanafunzi

Sasa turudi nyumbani. Asubuhi ya mwanafunzi hutengenezwa usiku. Baada ya lile swali la mwalimu, nyumbani kwangu tulijiwekea mambo manne, na hayakutugharimu hata senti.

Baada ya chakula cha usiku televisheni na simu zinawekwa pembeni, hata za wakubwa, kwa nusu saa. Katika nusu saa hiyo mtoto anatoa madaftari yote na mmoja wetu anayatazama. Si lazima mzazi awe msomi. Hata asiyejua kusoma anaweza kuona ukurasa mtupu na alama nyekundu, akauliza: "Hapa palikuwaje, mwanangu?" Kisha mtoto mwenyewe anapanga begi, anaweka sare mahali pamoja na viatu chini yake. Mwisho, analala kwa saa ile ile kila siku, si kwa kusinzia mbele ya tamthilia. Anayelala mapema anaamka Alfajiri bila kuvutwa, na asubuhi haiwi ya kelele na kutafutana soksi.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu, na mgumu zaidi nilikuwa mimi. Baada ya hapo mtoto ndiye aliyekuwa akinikumbusha.

Shule na madrasa

Watoto wetu wengi wana vyuo viwili kwa siku. Asubuhi shule, alasiri madrasa, na wengine katikati wanasukumiwa tuisheni. Jambo hili ni la kheri, lakini linahitaji mpango. Mwalimu wa shule na ustadhi hawafahamiani, na kila mmoja anatoa kazi ya nyumbani kana kwamba yuko peke yake. Anayewajua wote wawili ni mzazi. Basi mzazi ndiye anayepaswa kuangalia kama mtoto amekula mchana, kama amepata hata saa moja ya kucheza na kupumzika, na kama siku ya mtihani wa shule ustadhi amearifiwa. Vilevile kanuni ziwe za aina moja. Haifai mtoto akae kimya kwa adabu mbele ya msahafu, kisha darasani aonekane mtukutu, na sisi tukalichukulia hilo kuwa ni jambo la kawaida. Adabu ya kutafuta elimu ni moja.

Mzazi naye ana haki

Tusije tukaeleweka kwamba mzigo wote ni wa mzazi. Naye ana haki ya kutaraji kwamba mwalimu ataingia darasani kwa wakati, atasahihisha madaftari, atamwita mzazi mapema kabla tatizo halijakomaa, na hatamdhalilisha mtoto mbele ya wenzake kwa sababu ya umasikini wa kwao. Tangu serikali ilipoanza kutekeleza sera ya elimumsingi bila ada mwaka 2016, wapo wazazi waliodhani kwamba hawana tena la kusema wala la kufanya shuleni. Sivyo. Sare na madaftari bado ni juu yetu, na mikutano ya wazazi bado inaitishwa. Tusingoje kufika huko siku ya ugomvi tu.

Ndugu msomaji, leo usiku jiulize maswali matatu. Je, nalijua jina la mwalimu wa darasa wa mwanangu? Je, mara ya mwisho nimefungua daftari lake lini? Je, jana alilala saa ngapi? Kama majibu yanakukwama kooni, kama yalivyonikwama mimi, basi usiende kwanza shuleni kulaumu. Anzia sebuleni kwako.