Miezi Mitatu New Zealand: Ukodi Gari au Ununue?

Anayekwenda New Zealand kwa wiki mbili hana haja ya kuumiza kichwa: akodi gari, atembee, alirudishe, arudi kwao. Anayepaswa kukaa chini na kalamu ni yule mwenye miezi mitatu au zaidi: mzazi anayemfuata mwanawe aliyehamia huko, mwalimu aliyepata likizo ndefu, au Mkenya aliyemaliza masomo Australia na kuamua kuzunguka nchi jirani kabla ya kurudi nyumbani. Nchi hiyo haizunguki vizuri bila gari. Mabasi yanaunganisha miji, lakini fukwe, maziwa na njia za milimani ziko mbali na vituo. Kutoka Cape Reinga kaskazini hadi Bluff kusini ni kama kilomita 2,000, na njiani lazima uvuke mlango-bahari wa Cook kwa feri ya Wellington na Picton, mwendo wa saa tatu hadi nne.

Kwa dereva wa Afrika Mashariki, mengi atayakuta kama nyumbani. Wanaendesha kushoto, na magari mengi ya bei nafuu ni yale yale yaliyotumika Japani kwanza. Hata redio inaweza kukukumbusha kwenu: redio ya Kijapani iliyoundwa kwa masafa ya kwao haishiki stesheni za juu ya 90 FM mpaka ifungwe kifaa cha kuongeza masafa. Leseni ya kwenu inakubalika kwa muda ukiwa mgeni, mradi ni halali na iko kwa Kiingereza. Mwenye leseni ya Burundi au ya Kongo, iliyoandikwa kwa Kifaransa, aandae tafsiri iliyoidhinishwa au leseni ya kimataifa kabla ya kuondoka.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanachukua kodi ya siku moja, wanaizidisha kwa siku zao zote, kisha wanailinganisha na bei ya kununua. Hesabu hiyo haijakamilika. Gharama ya gari ulilonunua ni pengo kati ya bei uliyonunulia na bei utakayouzia, pamoja na matengenezo, bima na ada. Kwa hiyo swali la kwanza si “nitanunua kwa bei gani?” bali “nitaliuza lini, wapi, na nitakuwa na siku ngapi za kumngoja mnunuzi?”

Tuchukue mfano wa kukadiria, kwa dola za New Zealand. Tuseme gari dogo linakodishwa dola 55 kwa siku. Kwa siku 90 hiyo ni dola 4,950. Sasa tuseme umenunua gari la dola 6,000, ukalipa 200 za ukaguzi, 300 za bima na 600 za tairi na matengenezo madogo, kisha ukaliuza 4,500. Umetumia dola 2,600, karibu nusu ya kodi. Lakini ukifika siku mbili za mwisho tiketi ya ndege iko mkononi na gari halijauzwa, utampa wa kwanza atakayekuja na dola 2,500. Hapo gharama yako imefika 4,600, na kuna siku ulizozipoteza ukihangaika kununua na kuuza. Faida yote imeliwa na haraka. Na kwa safari ya siku 30, kodi yenyewe ni dola 1,650 tu. Kununua hakukusaidii kitu.

Ushauri wangu ni huu: chini ya wiki sita, kodi. Kuanzia miezi mitatu, nunua, lakini tu kama unaweza kutenga wiki mbili au tatu za mwisho karibu na mji mkubwa, Auckland au Christchurch, gari likiwa sokoni. Aliye katikati ya hapo awaombe wakodishaji bei ya muda mrefu, kwa sababu bei ya siku inayoonekana kwenye matangazo hushuka ukikodi kwa wiki nyingi. Wapo pia wauzaji wanaokuahidi kwa maandishi kulinunua gari lako mwisho wa safari, mara nyingi kwa nusu ya bei au chini ya hapo. Utapoteza zaidi kuliko ungeuza mwenyewe, ila utapanda ndege bila wasiwasi. Kwa mwenye familia na tarehe isiyobadilika, si mpango mbaya.

Kukodi nako kuna mitego. Kampuni nyingi hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na kadi ya kawaida ya benki inaweza kukataliwa kaunta ukiwa na masanduku na watoto. Ulizia hilo ukiwa bado nyumbani. Kwenye kadi ya mkopo hushikiliwa amana, na gari likigongwa kuna ekses, yaani kiasi unachobeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Bila kulipia nyongeza ya kukipunguza, kinaweza kufika dola elfu kadhaa. Dereva aliye chini ya miaka 25 huongezewa malipo. Soma pia orodha ya barabara zilizokatazwa: barabara ya Skippers Canyon karibu na Queenstown na ufukwe wa Ninety Mile Beach hutajwa mara kwa mara, na ukipata ajali huko bima haikutambui. Barabara za kulipia nazo hazina vibanda. Kamera inasoma namba, nawe unalipa kwa intaneti. Ukisahau, bili inakwenda kwa mwenye gari, naye anakuongezea ada ya usumbufu.

Ukiamua kununua, angalia kalenda. Majira ya huko ni kinyume cha Ulaya: kiangazi ni Desemba hadi Februari. Vijana wa kutembea huingia Oktoba na Novemba wakitafuta magari, nao huyauza Machi na Aprili wakiondoka. Anayenunua Mei na kuuza Novemba anafuata upepo. Anayenunua Desemba na kuuza Aprili anaupinga, na aingize hasara hiyo kwenye hesabu yake. Matangazo mengi yako kwenye tovuti ya Trade Me na Facebook. Ukinunua kwa mtu binafsi bei iko chini, lakini gari likikufia wiki ya pili ni vigumu kumdai. Muuzaji aliyesajiliwa anabanwa na Sheria ya Dhamana za Mlaji ya 1993, lazima abandike kwenye gari karatasi ya maelezo yake, na mkishindwana lipo baraza maalumu la migogoro ya magari.

Kila gari la kawaida la kutembea barabarani linatakiwa kuwa na cheti cha usalama, kinachofahamika kwa kifupi kama WoF. Muuzaji anatakiwa akupe gari lenye WoF isiyozidi mwezi mmoja, isipokuwa wewe mwenyewe umekubali kwa maandishi kulichukua lilivyo. Usikubali. Na hata ikiwa mpya, WoF haisemi kila kitu. Inaangalia breki, taa, mikanda, tairi, na kutu inayodhoofisha bodi. Haiangalii afya ya injini wala giaboksi, na hivyo ndivyo vitakavyokumaliza.

Basi kague. Mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, kwa kuwa injini iliyopashwa moto huficha mengi. Shika boneti kwanza. Ikiwa ya moto, uliza sababu. Fungua kifuniko cha oili utazame upande wa ndani: utando mzito kama maziwa ni dalili kwamba huenda maji yanaingia kwenye oili. Fungua buti, inua zulia, pitisha mkono pale panapokaa tairi la akiba, utafute unyevu na kutu. Uliza mkanda wa timing ulibadilishwa lini, na uone risiti. Halafu, hata kama wewe ni fundi, lipeleke kwa mkaguzi asiyehusika na mauzo, kama AA au VTNZ. Muuzaji akikataa gari lisikaguliwe, muage.

Jambo jingine ni geni kwa sisi tuliozoea kwamba kadi ya gari ndiyo umiliki. New Zealand, kuandikishwa kwa jina la mtu hakuthibitishi kwamba gari ni lake. Gari linaweza kuwa limewekwa dhamana ya mkopo, na mkopeshaji akalifuata mikononi mwako. Kwa dola chache unaweza kulitafuta kwenye daftari la serikali la dhamana, PPSR, kabla hujatoa hata shilingi. Kama ni la dizeli, angalia pia leseni ya kilomita: magari ya dizeli hulipia barabara kwa vipande vya kilomita 1,000, na namba ya leseni ilingane na ya kwenye dashibodi. Kusajili gari kwa jina lako hufanywa na mamlaka ya usafiri, Waka Kotahi, kwa ada ndogo.

Kuhusu bima naomba usome taratibu. New Zealand haimlazimishi mwenye gari kukata bima, hata ile ndogo. Sababu ni kwamba majeruhi wa ajali, akiwemo mgeni, hushughulikiwa na mfuko wa umma uitwao ACC. Lakini mfuko huo hautengenezi gari la mtu. Ukigonga gari la bei mbaya kwenye maegesho ya Queenstown, deni ni lako. Sioni namna yoyote ya kumtetea msafiri anayebana dola mia chache hapa. Angalau kata bima ya kumlipa mwenzako, na kama gari lina thamani usiyoweza kuipoteza, chukua bima kubwa. Hakikisha kampuni inakubali leseni ya nje kabla ya kulipa.

Wanaotaka gari la kulala ndani wajue kwamba sheria ya 2023 imekaza masharti. Ili gari litambuliwe kuwa linajitosheleza, yaani halitegemei huduma za nje, choo kiwe kimefungwa humo, si cha kubebwa. Kibandiko cha zamani kisikudanganye, omba cheti.

Kisha kuuza. Lioshe, fanya WoF mpya, piga picha mchana, na uweke tangazo wiki tatu kabla ya ndege. Bei yako ya kwanza iache nafasi ya kupatana. Funguo zisitoke mpaka fedha ionekane ndani ya akaunti yako, siyo kwenye picha ya simu ya mnunuzi. Risiti bandia za benki ni utapeli wa kawaida. Kama huna akaunti ya huko, kutaneni ndani ya benki na upokee taslimu. Siku hiyo hiyo iarifu Waka Kotahi kwamba umeuza, la sivyo faini za mwendo kasi na za maegesho za mwenye gari mpya zitaendelea kuja kwa jina lako. Ukishamaliza, ipigie simu kampuni ya bima, usitishe, na uulize kama kuna kiasi cha kurudishiwa kwa miezi iliyobaki.