MHUNZI SI MTU WA KUCHEKWA

Siku moja tulipita Kibuye, hapa Kisumu, tukawakuta mafundi wa jua kali wakifua majembe kutokana na springi za magari makuukuu. Mwenzetu mmoja akacheka: "Hawa walikosa masomo. Na hata hicho chuma kililetwa na Wazungu!" Sote tukacheka. Leo nataka kuonyesha kwamba tulicheka ovyo.

Kwanza, chuma. Vilima vya Samia, karibu na ziwa letu, vina mawe mekundu yenye chuma. Wahunzi wa Kisamia waliyayeyusha mawe hayo tangu zamani, na majembe yao yalinunuliwa na majirani, Wajaluo wakiwemo. Jembe lilikuwa mali. Mtu aliweza hata kulipia mahari. Kwa Kijaluo mhunzi huitwa jatheth, na mkuki ni tong'.

Sasa tuingie tanurini. Ndani ya jiwe, chuma kimeshikana na oksijeni. Mhunzi hupanga mawe na mkaa, kisha vijana huvukuta mivukuto bila kupumzika. Mkaa una kazi mbili: kutoa joto na kuinyang'anya chuma ile oksijeni. Taka huyeyuka na kujitenga, hizo ndizo mavi ya chuma (msicheke, ndilo jina lake katika kamusi!). Kinachobaki ni bonge, ambalo hupigwa nyundo juu ya fuawe hadi litakate. Je, hiyo si kemia?

Ng'ambo ya magharibi ya ziwa, huko Bukoba, Wahaya walikwenda mbali zaidi. Walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakachoma manyasi ya bwawani katika shimo lake ili kaboni iingie kwenye chuma. Hivyo walipata chuma cha pua. Mwaka wa 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kuhusu kazi hiyo, baada ya wazee wa Kihaya kuwajengea tanuri na kuwaonyesha. Mabaki ya matanuri huko Kemondo yana umri wa miaka 1,500 hadi 2,000.

Wajapani nao, wanaosifiwa duniani kwa panga zao, huyeyusha mchanga wa chuma kwa mkaa, usiku na mchana kwa siku tatu hivi. Fundi hukunja chuma na kukipiga tena na tena. Kisha hupaka udongo mzito mgongoni mwa upanga na mwembamba makalini, akautumbukiza majini ukiwa mwekundu. Makali hupoa upesi yakawa magumu. Mgongo hupoa polepole ukabaki laini, usivunjike.

Kila penye wahunzi pana hekaya. Wajapani husimulia kuwa upanga wa Muramasa ulipochomekwa mtoni ulikata kila jani lililoelea, lakini wa Masamune majani yaliukwepa, maana haukuwa na uovu. Sisi tunaye Luanda Magere wa Kano, aliyekuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ilimshinda, mpaka adui akachoma kivuli chake. Wawindaji walinoa mikuki yao kwenye jiwe lake wapate bahati. Nao Wahaya husema mfalme Rugomora Mahe aliamuru mnara wa chuma ujengwe Katuruka, aone mbinguni kulivyo. Wataalamu walipochimba hapo, walikuta mabaki ya uhunzi wa kale sana! Hekaya ilihifadhi ukweli.

Kwa nini basi tanuri za Samia zilizimika? Majembe ya bei rahisi yalikuja kwa meli kutoka Ulaya. Japani vilevile, amri ya mwaka 1876 ilikataza watu kuvaa panga hadharani. Lakini Wajapani waliwatunza mafundi wao, nasi twawacheka wetu. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Likizo hii muulize babu au nyanya yako: nani alikuwa mhunzi kijijini? Andika jibu, ulete chamani.

Zoezi
1. Mkaa una kazi gani mbili tanurini?
2. Tunga sentensi ukitumia: fuawe, mivukuto, makali.