SOMO LA USHONAJI: KOTI LA OFISI LENYE BITANA



Katika somo hili tutajifunza kushona koti la kike la kuvaa kazini. Ni koti linalofuata umbo la mwili, lenye bitana, lisilo na kola, lenye shingo ya V na vifungo vitatu. Somo linamfaa mtu ambaye tayari anaweza kushona sketi na blauzi, kwa cherehani ya mguu au ya mkono, nyumbani kwake.

Koti la namna hii huagizwa na walimu, makarani, wauguzi na watu wanaokwenda kwenye usaili wa kazi. Mara nyingi mteja huleta kitambaa chake mwenyewe, alichokinunua kwa akiba ya miezi mingi. Kikikatwa vibaya hakuna kingine, na fundi hupoteza fedha pamoja na jina lake. Kwa hiyo jambo kubwa la somo hili ni moja: makosa yote yafanyike kwenye karatasi na kwenye shuka kuukuu. Mkasi unapogusa kitambaa cha mteja, kazi ya kufikiri iwe imekwisha.

1. KUELEWANA NA MTEJA

Kambini tunaishi watu wa nchi mbalimbali. Kambi ya Nyarugusu, kwa mfano, iliyoko wilayani Kasulu nchini Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na mwaka 2015 ikapokea pia Warundi. Kiswahili chetu ni kimoja, lakini maneno ya mafundi hayafanani. Kwa Watanzania na Wakenya wengi, vesti ni fulana ya ndani. Kwa wenzetu waliozoea maneno ya Kifaransa, vesti ni koti. Mwombe mteja akuonyeshe koti linalofanana na analolitaka, au mchoree kwenye karatasi.

Jambo la pili ni vipimo. Mafundi wa Tanzania na Kenya hupima kwa inchi; wa Kongo na Burundi wamezoea sentimita. Tepu ya kupimia ina pande zote mbili, na inchi 1 ni sentimita 2.54. Chagua upande mmoja na uufuate tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme fundi amepima kifua akapata sentimita 92, kisha akaambiwa koti huongezwa 4, naye akaongeza sentimita 4 badala ya inchi 4. Koti lake litakuwa na nafasi ya inchi moja na nusu hivi. Vifungo vitafunga, lakini mwalimu akiinua mkono kuandika juu ubaoni, koti lote litapanda. Katika somo hili tunatumia inchi.

2. VIFAA

- Kitambaa cha suti: mita 2 kikiwa na upana wa sentimita 150, kwa mtu wa mwili wa wastani. Upana ukiwa sentimita 115, nunua mita 2 na nusu.
- Bitana nyepesi inayoteleza: mita 2.
- Kitambaa cha kukazia sehemu ya mbele, kile chenye gundi. Kama hakipatikani, tumia pamba nyembamba kuukuu iliyokwisha kufuliwa, uishikize kwa uzi.
- Pedi za mabega, jozi 1.
- Vifungo 3 na uzi wa rangi ya kitambaa.
- Karatasi kubwa. Magazeti yaliyogundishwa au mifuko ya saruji iliyosafishwa yanafaa.
- Shuka kuukuu au amerikani kwa ajili ya koti la majaribio.
- Koti moja la mtumba linalokaribiana na mwili wa mteja, hata kama limechakaa. Koti hilo litakupa pia pedi na vifungo.

3. KUPIMA

Mpime mteja akiwa amevaa blauzi atakayoivaa ndani ya koti. Asimame wima, asivute pumzi. Andika kila kipimo papo hapo:

a) Kifua, mahali palipojaa zaidi.
b) Kiuno.
c) Nyonga, mahali palipojaa zaidi.
d) Urefu wa mgongo, kutoka mfupa unaojitokeza nyuma ya shingo hadi kiunoni.
e) Upana wa mgongo, kutoka mkono hadi mkono.
f) Bega, kutoka shingoni hadi mwisho wa mfupa wa bega.
g) Urefu wa mkono, kutoka begani hadi kifundoni, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo.
h) Unene wa mkono wa juu.
i) Urefu wa koti zima.

Koti halishonwi kwa kipimo cha mwili peke yake. Ongeza inchi 4 kifuani, inchi 3 kiunoni, inchi 3 nyongani na inchi 3 kwenye mkono wa juu. Mteja mwenye kifua 36, kiuno 30 na nyonga 40 atashonewa koti la kifua 40, kiuno 33 na nyonga 43. Tofauti kati ya kifua na kiuno ndiyo inayolipa koti umbo. Ukipunguza nafasi ili koti "libane vizuri", hulipi umbo, bali unamnyima mteja kupumua.

4. PATANI KUTOKA KOTI LA MTUMBA

Patani ni vipande vya karatasi vya kukatia. Njia rahisi ya kuvipata nyumbani ni kulifumua koti la mtumba. Chagua koti ambalo kila upande wake una mshono unaoshuka kutoka begani hadi pindoni, mbele na nyuma, kwa sababu mishono hiyo ndiyo inayobana kiuno. Lifumue upande mmoja tu, wa kulia au wa kushoto. Upande wa pili uache mzima, ili kila unapokwama uangalie jinsi ulivyounganishwa.

Vipande ulivyofumua vipige pasi, vilaze juu ya karatasi, uvichore. Kila kipande kiandike jina lake: mbele katikati, mbele ubavuni, nyuma ubavuni, nyuma katikati, mkono. Chora mshale unaofuata urefu wa nyuzi za kitambaa. Weka alama mahali vipande viwili vinapokutana.

Kisha pima patani, bila kuhesabu sehemu za mshono wala mahali pande mbili za mbele zinapopandiana, na ulinganishe na vipimo vya mteja. Patani ikiwa na kifua 38 nasi tunataka 40, tofauti ni inchi 2. Mishono ya ubavuni ni miwili, na kila mmoja una kingo mbili. Kwa hiyo gawanya kwa 4, uongeze nusu inchi kila ukingo. Usisahau mkono: ukiongeza nusu inchi kwapani kwenye mwili, ongeza nusu inchi kila ukingo wa mshono wa chini wa mkono, vinginevyo mkono hautaingia. Tofauti ikizidi inchi 2, tafuta koti jingine.

Urefu nao una sheria yake. Kama mgongo wa mteja ni mfupi kuliko wa koti, usipunguze pindoni. Kunja patani kwa upana, kati ya kwapa na kiuno, hadi kiuno cha koti kifike kwenye kiuno cha mteja.

5. KOTI LA MAJARIBIO

Kata shuka kuukuu kwa patani hiyo. Shona mwili na mkono mmoja kwa mshono mrefu wa cherehani, ulio rahisi kufumua. Mvalishe mteja pamoja na pedi, fungamanisha mbele kwa pini, kisha mwambie afanye mambo manne:

- Asimame. Mshono wa mkono ukae mwisho wa mfupa wa bega. Ukiteremka, bega ni refu mno.
- Ainue mkono kama anayeandika ubaoni. Kiuno cha koti kisipande zaidi ya inchi moja au mbili.
- Akumbatie mikono mbele. Mgongo ukikazika, ongeza upana wa mgongo.
- Akae kwenye kiti. Mikunjo ya kulala nyongani inaonyesha kwamba pamebana. Fungua mishono kuanzia kiunoni kwenda chini.

Kila badiliko liandike kwenye patani siku hiyohiyo. Kama umebadilisha mengi, jaribu tena. Shuka kuukuu inavumilia. Kitambaa cha mteja hakivumilii.

6. KUKATA

Kabla ya kukata, ondoa hofu ya kitambaa kujikunja baadaye. Kitambaa cha pamba kiloweke, kianike kivulini, kipige pasi. Kitambaa cha suti kipige pasi juu ya kitambaa chenye unyevu.

Kikunje, ukilaze juu ya meza au mkeka safi. Panga patani zote kabla ya kukata hata kipande kimoja. Kila mshale ulingane na pindo la kiwandani: pima ncha zote mbili za mshale, umbali uwe sawa. Kitambaa chenye manyoya au maua yanayoelekea upande mmoja, vipande vyote vielekee huko. Acha nusu inchi ya mshono kila mahali, isipokuwa ubavuni na katikati ya mgongo, ambako utaacha inchi 1, kwa sababu mwili wa mtu hubadilika na koti la ofisi huvaliwa miaka. Pindo acha inchi 1 na nusu.

Kata pia kutoka kitambaa hichohicho ukanda wa ndani wa mbele na wa shingo, wenye upana wa inchi 3.

7. BITANA

Wengi hukata bitana sawasawa na koti. Bitana haivutiki, hivyo ikiwa sawa na koti huvuta koti ndani, na mwisho hupasuka mgongoni au kwapani. Fanya hivi:

- Katikati ya mgongo ongeza inchi 1 kwa kila kipande. Ziada hiyo itakuwa mkunjo unaofunguka mteja anapoinama.
- Kwapani panda nusu inchi juu, kwenye mwili na kwenye mkono, kwa sababu bitana hupita juu ya mshono wa koti.
- Mbele, bitana ianze inchi 2 kutoka ukingoni, ili iungane na ukanda wa ndani.
- Chini na kwenye mikono, bitana iishie nusu inchi chini ya mstari wa kukunja pindo.

8. KUSHONA

Hatua ya 1. Gandisha kitambaa cha kukazia kwenye vipande vya mbele katikati na kwenye ukanda wa ndani. Bonyeza pasi, hesabu hadi kumi, inua, uweke mahali pengine. Usiiburute.

Hatua ya 2. Unganisha mishono ya kushuka, ya mbele na ya nyuma, kisha katikati ya mgongo. Palipopinda piga mikato midogo isiyofika kwenye uzi. Fungua kila mshono kwa pasi kabla ya kushona unaofuata.

Hatua ya 3. Shona mabega na ubavu.

Hatua ya 4. Mkono. Kichwa cha mkono huwa kirefu kuliko tundu lake kwa inchi 1 hadi 1 na nusu. Pitisha nyuzi mbili za mshono mrefu juu ya kichwa, zivute taratibu hadi vilingane, upige bandi kwa mkono, umjaribishe mteja, ndipo upitishe cherehani. Kusiwe na kikunjo hata kimoja.

Hatua ya 5. Shikiza pedi, ukingo wake utokeze kama nusu inchi nje ya mshono wa mkono.

Hatua ya 6. Shona bitana pamoja na ukanda wa ndani, pembeni, kama koti la pili. Ilaze juu ya koti, nyuso za nje zikitazamana, ushone mbele na shingoni. Kata V kwa ncha ya mkasi, geuza, piga pasi.

Hatua ya 7. Kunja pindo la koti na la mikono, shona kwa mkono. Kunja bitana nusu inchi, uishikize inchi 1 juu ya ukingo wa koti, ukiiacha ilegee. Hakikisha bitana ya mkono haijajisokota.

Hatua ya 8. Matundu ya vifungo yawe upande wa kulia kwa koti la kike. Anza na kifungo cha kiunoni, kwa kuwa ndicho kinachoshikilia umbo.

9. PASI YA MKAA

Bila pasi koti la ofisi halitoki. Pitisha pasi juu ya jani la mgomba ili iwe safi na iteleze, ijaribu kwenye kipande cha kutupa, kisha tumia kitambaa chembamba juu ya suti. Pigia pasi nje au mlango ukiwa wazi, kwa maana hewa ya mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa inaua.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mteja ana kifua 34, kiuno 28 na nyonga 38. Koti lake liwe na vipimo gani?
2. Patani ina kifua 39, unataka 40. Utaongeza kiasi gani kila ukingo wa ubavuni, na kiasi gani kila ukingo wa mkono?
3. Kwa nini bitana ya mgongo huongezwa?

Majibu: (1) 38, 31 na 41. (2) Robo inchi kila ukingo, mwilini na mkononi. (3) Ili isivutike na kupasuka mteja anapoinama au kunyoosha mikono.

Tunza karatasi hii pamoja na patani zako, kila patani ikiwa na jina la mteja na tarehe ya kupima. Mteja akirudi mwakani na kitambaa kingine, utaanzia hapo, baada ya kumpima upya.