FILTRE YA MAFUTA AO FILTRE YA KARATASI?

Somo la fizike na hesabu, kwa madarasa yote



Kijana mmoja wa mwaka wa tatu alisimama katika somo la fizike akauliza: «Mwalimu, papa anataka kutosha filtre ya karatasi kwa kamyo yake, aweke ile ya mafuta ya zamani. Anasema ya mafuta njo inaweza na vumbi ya Goma. Ni kweli?» Nilimjibu kwa haraka kwamba papa amekosea, kisha kengele ikalia. Nilipofika nyumbani niliona kwamba nilikuwa nimetoa nusu ya jibu. Yule mzee hakusema neno la kijinga, na magari anayajua kuliko mimi. Basi hapa naandika nusu iliyobaki.

Tuanze na hewa. Wengi wetu tunafikiri moteri inakunywa mazutu tu, lakini hewa ndiyo inakunywa zaidi. Lita moja ya mazutu ina uzito wa gramu 840 hivi, na ili iungue yote inaomba karibu kilo 12 za hewa. Sasa, Mombasa karibu na bahari metre kube moja ya hewa ina uzito wa karibu kilo 1.2. Hapa kwetu, kwa kimo cha metre 1500 hivi, hewa ni nyepesi: metre kube moja ni kilo 1 tu. Kwa hiyo moteri ya Goma inavuta metre kube 12 kwa lita moja, wakati ya Mombasa inavuta 10. Na hicho ni kiasi cha chini kabisa, kwa kuwa moteri ya mazutu siku zote inavuta hewa kupita ile inayohitaji. Kamyo inayounguza lita 30 kwa siku inapitisha metre kube 500 na zaidi. Pimeni darasa lenu: likiwa na metre 8 kwa 7, na kimo cha metre 3, ni metre kube 168. Kamyo hiyo inameza madarasa matatu kila siku, pamoja na yote yanayoelea ndani.

Na kwetu yanayoelea ni mengi. Moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka katikati ya mji tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, na barabara nyingi zilifunguliwa tena juu ya lile jiwe jeusi. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ulikata barabara ya Goma–Rutshuru, na huko pia magari yalipita tena juu ya mawe yaliyopondwa. Magurudumu yanasaga jiwe, jiwe linakuwa unga. Unga huo si kama udongo wa shamba. Chukueni kipande cha jiwe la volkano hapa Katoyi (hakuna atakayewakataza, yamejaa kila parsele), mkwaruze nacho msumari. Mtaona alama. Ndani ya jiwe lile kuna madini kama olivini na piroksene, yaliyo magumu kuliko chuma cha kawaida. Chembe zinazoleta hasara zaidi ni zile za mikroni 5 mpaka 20, ambazo jicho halioni moja moja. Unywele wa kichwa una mikroni 70 hivi. Zinaingia kati ya segma na shemize, mahali penye utando mwembamba wa mafuta, na hapo zinafanya kazi ya msasa. Kisha asubuhi moteri inakuwa nzito kuwaka, moshi wa buluu unatoka, na shofere anasema: «Papa, moteri inakunywa mafuta.»

Filtre ya mafuta ni bakuli la chuma lenye mafuta ya moteri chini yake. Magari mengi ya zamani yalikuja nayo: Land Rover za kwanza, Toyota Land Cruiser za miaka ile, trakta za Massey Ferguson, Mercedes-Benz za pua fupi. Hewa inashuka kwa mwendo mkali mpaka karibu na mafuta, halafu inalazimishwa kugeuka ghafula na kupanda. Mmeona chukudu iliyobeba magunia ya makala ikishuka mteremko? Mtoto anayekimbia kando yake anakata kona bila shida, lakini chukudu yenye mzigo inaendelea mbele mpaka ukutani. Ndivyo inavyokuwa hapa. Hewa ni nyepesi, inageuka. Vumbi lina uzito, linaendelea mbele na kuzama katika mafuta. Lile linalobaki linashikwa na nyuzi za chuma zilizolowa mafuta, zilizo juu ya bakuli. Ni fizike ya Newton tupu, na mimi naipenda sana mashini hii. Haina kitu cha kununua. Unamwaga mafuta machafu, unasafisha bakuli na nyuzi kwa mazutu, unaacha zichuruzike zikauke, unaweka mafuta mapya mpaka alama. Kijijini ambako duka la vipuri ni safari ya siku mbili, hiyo ni faida kubwa.

Lakini angalieni neno «mwendo mkali». Moteri ikizunguka polepole, kama wakati kamyo inasubiri kwenye kizuizi katikati ya magari mengine, hewa inageuka taratibu, na chembe ndogo zinageuka pamoja nayo. Kwa mwendo mzuri filtre ya mafuta inashika kama 98 kwa mia. Kwa mwendo mdogo inashuka 95, hata chini ya hapo. Tena inaomba bakuli likae sawasawa. Kwa mlima mkali mafuta yanasogea upande mmoja. Ukiweka mafuta chini ya alama, vumbi linapita. Ukipitisha alama, moteri inavuta mafuta yenyewe, na moteri ya mazutu ikipata mafuta kwa njia ya hewa inaweza kukimbia bila kukanyagwa, na ufunguo hauizimi.

Filtre ya karatasi ni kavu. Karatasi yake imekunjwa mara nyingi ili eneo liwe kubwa katika nafasi ndogo. Ikiwa nzima na imekaa vizuri inashika 99 kwa mia, na zile nzuri 99.9, iwe moteri inakimbia ao inalala. Na jambo la ajabu: ikipata vumbi kidogo inashika vizuri zaidi kuliko ikiwa mpya, kwa sababu vumbi lenyewe linaziba matundu makubwa. Kwa hiyo yule anayeifungua kila jioni ili kuipiga upepo anaiharibu mara mbili: anaondoa utando unaosaidia, na kila akifungua vumbi linaangukia ndani.

Mtaniambia: 95 na 99.9, tofauti iko wapi? Hapo ndipo wengi wanadanganyika. Msiangalie kinachoshikwa, angalieni kinachopita. Wakati wa kupima filtre, mafundi wa viwanda wanaweka gramu 1 ya vumbi katika kila metre kube ya hewa. Hilo ni vumbi zito, kama unapofuata kamyo nyingine na huoni mbele. Tuseme kamyo yetu inapita katika vumbi kama hilo kwa sehemu ya kumi tu ya hewa yake ya siku, ni kusema metre kube 50. Zinaingia gramu 50. Filtre ya 95 inaachia gramu 2.5. Ya 98 inaachia gramu 1. Ya 99.9 inaachia gramu 0.05. Kwa siku 300 za kazi: gramu 750, gramu 300, na gramu 15. Karibu robo tatu ya kilo ya msasa, ao vijiko vichache, ndani ya moteri ileile.

Kwa karatasi hesabu imekwisha, lakini garaji bado. Nilimjua mzee mmoja aliyenunua Fuso kwa akiba ya miaka mingi, ya kubeba mchanga na mawe ya kujengea. Alinunua filtre nzuri, hakuhurumia pesa. Kabla ya mwaka kwisha moshi ukaanza. Fundi alifungua tiyo ya mpira inayotoka kwa filtre kwenda kwa turbo, akapitisha kidole ndani, kikatoka na unga wa kijivu. Filtre ilikuwa safi. Tiyo ndiyo ilikuwa imepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki, na mtu alikuwa ameifunga kwa mpira wa baiskeli. Hewa inachagua njia rahisi, haipendi kupita katika karatasi ikiwa kuna mlango wazi kando. Pesa ya minervali ya watoto wawili ikaenda kwa segma na shemize. Tangu siku ile, mtu akiniuliza habari ya filtre ninamwuliza kwanza habari ya tiyo na kolie zake.

Kuna aina ya tatu, na vijana wa garaji wanaichanganya na ile ya bakuli: filtre ya pamba iliyopakwa mafuta kidogo, ya kufua na kutumia tena. Inasifiwa kwamba inaongeza nguvu. Kwa moteri ya mazutu, ambayo tayari inavuta hewa ya ziada, nguvu hiyo ni ndogo sana, na katika vipimo mara nyingi inaachia vumbi zaidi kuliko karatasi. Mafuta yakizidi, kwa magari ya siku hizi yanachafua kile chombo kidogo kinachopima hewa. Kwa barabara za lami safi, sawa. Kwa Katoyi, hapana.

Sasa papa wa yule kijana. Nilimtuma aulize kama kamyo ina turbo, na kesho yake akanijibu: «Mwalimu, iko nayo.» Basi asibadilishe. Turbo inavuta kwa nguvu kuliko ile bakuli ilivyotengenezwa kuvumilia, na mafuta yatapanda nayo. Abaki na karatasi, lakini asiioshe kwa mazutu wala asiipige kwenye gurudumu. Akilazimika kuipiga upepo, iwe kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo isiyopita bari 2, na mdomo wa kompresa ukae mbali. Kisha aingize taa ndani mahali pa giza: akiona nukta ya mwanga, aitupe. Ikiwa sanduku la filtre lina nafasi ya filtre ndogo ya pili ndani, ainunue na asiiguse ovyo.

Namna ya kujua imejaa mnaweza kumtengenezea ninyi wenyewe. Chukueni tiyo ya plastiki inayoonyesha ndani, ndefu ya metre 2, ikunjeni kama U, mtie maji yenye rangi. Mwisho mmoja uungwe kati ya filtre na turbo, wa pili uachwe wazi. Moteri ikivuta kwa nguvu zote, maji yanapanda upande mmoja. Tofauti ya vimo ikikaribia sentimetre 60, filtre imechoka. Kabla ya hapo iacheni ifanye kazi.

Na kama angekuwa na ile Mercedes ya zamani, isiyo na turbo, na bakuli lake la kiwandani? Ningemwambia aliache pale pale na kulisafisha mara kwa mara; kwa vumbi zito kila siku, kabla tope la chini halijafika sentimetre 1. Hapo mzee ana haki. Barabara ikifungwa na karatasi mpya isifike majuma mengi, bakuli lenye mafuta safi ni bora kuliko karatasi iliyofuliwa mara tatu na kutoboka.

MAULIZO

1. Kamyo inaunguza lita 45 kwa siku. Inavuta hewa kiasi gani, kwa uchache, hapa Goma? Na Mombasa?

2. Filtre mbili: moja inashika 99 kwa mia, nyingine 99.5. Ya kwanza inaachia vumbi mara ngapi kuliko ya pili?

3. Eleza kwa nini filtre ya mafuta inashika vibaya wakati moteri inazunguka polepole. Tumia mfano wako, si wa chukudu.

4. Omba ruhusa kwa shofere mmoja wa mtaani kwenu, moteri ikiwa imezimwa. Pitisha kidole ndani ya tiyo inayotoka kwa filtre. Andika ulichokiona, na useme filtre ni ya aina gani.